Mdhamini wa Naseeb

Firmin alikuwa na kanuni moja tu ya kuajiri watu, na aliipenda kanuni hiyo kuliko alivyompenda mkewe. Maneno haya si yangu. Ni ya mkewe mwenyewe, Clémentine, aliyekuwa akiyasema mbele ya wageni huku akicheka nusu. Kanuni yenyewe ilikuwa hivi: hakuna mlinzi anayeingia katika timu ya Firmin mpaka mlinzi mwingine, aliyemo tayari, asimame na kusema, "Huyu namjua, mimi ndiye mdhamini wake." Na huyo aliyeingizwa akija akaharibu, akaiba, akalala zamu au akaja kazini ananuka pombe, wanaondoka wawili siku ileile, mwenye kosa na aliyemleta. Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo Firmin aliiandika kwa wino mwekundu juu ya mlango wa ofisi yake ndogo pale Rosettenville, na kila aliyekuja kuomba kazi aliambiwa kwanza aisome kwa sauti.

Tusimcheke. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kalemie, Kongo, kabla vita havijamkimbiza, na mwalimu hata umvalishe gwanda la ulinzi bado atakusahihisha mwandiko. Alipofika Johannesburg alilinda milango ya watu miaka tisa, chini ya mabosi waliokuwa wakiokota walinzi barabarani bila hata kuwauliza jina la pili. Aliona kwa macho yake walinzi wakiwafungulia wezi geti, kisha wakiomba wafungwe kamba ili nao waonekane wameonewa. Akaapa kwamba siku akipata kampuni yake ataajiri tabia kwanza, misuli baadaye. Mwaka 2015 akaanza na watu wawili. Kufikia 2017 alikuwa na watu kumi na watatu, Wakongo wengi, Watanzania wachache na Mrundi mmoja, na kwa muda wote huo hakuna mteja aliyepoteza hata msumari. Wareno wenye maduka na maghala kule kusini wakawa wanaambiana habari zake. Walinzi wenyewe walizikana, walichangiana harusi, walilea watoto wao pamoja. Firmin akiwatazama alijisemea kwamba amejenga familia.

Na kweli ilikuwa familia, kwa sababu ilikuwa na jambo ambalo wote walilijua isipokuwa baba mwenye nyumba.

Jambo hilo lilikuwa mkono wa Hénock. Hénock alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mpole wa maneno, mwimbaji wa besi kanisani. Mwezi wa pili mwaka ule alimkuta mlevi mmoja akikojolea ukuta wa ghala, akampiga mpaka mbavu zikalia. Emery aliona. Lakini Emery ndiye aliyekuwa mdhamini wa Hénock. Akisema, wanatoka wote wawili, na Emery alikuwa na watoto watatu na mke mgonjwa. Akamnong'oneza Bakiri, Mtanzania mmoja mnene wa Tanga waliyekuwa naye zamu moja. Bakiri naye ndiye aliyemdhamini Emery. Alifikiri kidogo, akaona kuwa Emery akionekana ameficha kosa basi kamba itamfikia na yeye shingoni, akasema, "Mimi sikusikia kitu." Habari ikasambaa kwa walinzi wengine kimyakimya, na kila aliyeipata aliifunika. Kanuni iliyowekwa ili ubaya usiingie ndiyo sasa iliyokuwa ikiulinda usitoke.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita roli nzima ya nyaya za shaba, bunda kubwa lililoviringishwa, ikapotea katika yadi ya vyuma chakavu ya Mreno mmoja, mteja mkubwa kuliko wote. Zamu ilikuwa ya Orpha, mama mmoja wa Bukavu ambaye hata sindano ya mtu hajawahi kuigusa. Firmin hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa na kanuni. Akamwondoa Orpha, akamwondoa na André aliyemdhamini, mbele ya wenzao wote, na Orpha alipolia Firmin aligeuka akatazama ukutani. Roho ilimuuma, nakubali. Lakini alipoulizwa na Clémentine alijibu kwamba sheria ikivunjwa mara moja si sheria tena.

Yadi ile akakabidhiwa Hénock, pamoja na Emery na Bakiri. Watatu hao walijua maana yake. Ikipotea roli nyingine, kuna watu watalala njaa. Tangu siku hiyo walimtazama kila mpita njia kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya sahani.

Siku ya Jumatano Naseeb akaingia ofisini kwa Firmin. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Tanga, koti limepauka lakini limepigwa pasi, mikono yote miwili ina makovu ya moto kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko. Akasoma methali ya mlangoni bila kukwama.

"Nani anakujua hapa kwetu?" Firmin akamuuliza.

"Bakiri. Tunaswali safu moja mwaka mzima sasa. Nilimwomba anisimamie, akaniambia ananijua kwa uso tu, tabia ya mtu aijuaye ni Mungu."

"Basi ndugu yangu, hapo sina la kukusaidia."

Naseeb hakubishana. Alinyanyuka, akaitazama tena ile methali, akasema taratibu, "Maneno mazuri, bosi. Ila ni ya mwenye kwao. Asiye na kwao hata janga atalila peke yake." Akashukuru, akatoka.

Maneno yale yakamkaa Firmin kooni kutwa nzima. Jioni akapiga namba ambayo Naseeb alikuwa ameiacha, ya mwajiri wake wa zamani, Msomali mwenye spaza, duka dogo la mtaani, kule Alexandra. Spaza ile ilichomwa mwaka 2015. Msomali aliposikia jina tu alianza kuuliza Naseeb yuko wapi, maana amemtafuta miaka miwili. Akasimulia kwamba moto ulipokwisha kushika paa, na watu wenye mapanga wako nje, Naseeb alirudi ndani kumtoa mama mzee aliyekuwa amepanga chumba cha nyuma, mtu ambaye hakuwa ndugu yake wala wa dini yake. Akamtoa akiwa mzima. Ile mikono ndiyo malipo yake.

Firmin akakaa na simu mkononi. Katika miaka miwili hakuwa amepata mlinzi mwenye tabia iliyopimwa namna hiyo. Alhamisi asubuhi akampigia Naseeb, akamwambia, "Njoo Jumamosi saa nne, yadi ya Mreno. Ingia, nisubiri karibu na ofisi ya kontena. Nitakudhamini mimi mwenyewe."

Sasa hapa ndipo alipokosea, na sitamtetea. Hakumwambia mtu. Angewaambiaje? Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu amfukuze Orpha na André kwa ajili ya kanuni, na leo yeye ndiye wa kwanza kuiruka. Alijiambia kwamba akifika pale Jumamosi atatafuta maneno ya kulipitisha jambo hilo. Ijumaa ikapita, maneno hayajapatikana.

Jumamosi asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Robot, zile taa za njia panda, zilikuwa zimekufa, magari yamebanana, na Firmin alifika yadini saa nne na dakika ishirini. Yaliyotokea katika dakika zile ishirini aliyasikia baadaye, mengine mahakamani.

Naseeb alifika mapema. Lori la vyuma lilipoingia, aliingia nalo ubavuni, akaenda kusimama karibu na kontena kama alivyoagizwa. Bahati mbaya, hapo ndipo zilipokuwa zimepangwa roli za shaba. Hénock akamwona.

"Weye ni nani?"

"Naitwa Naseeb. Nimeitwa na bosi wenu, Firmin. Kazi."

"Nani ni mdhamini yako?"

"Yeye mwenyewe."

Hénock akacheka. Emery, aliyekuwa akiota moto kwenye debe la makaa, naye akacheka. Mji mzima ulijua kwamba Firmin hachukui mtu asiyejulikana na mlinzi wake, hata angekuja na barua ya Papa wa Roma. Jibu la kweli la Naseeb ndilo lililokuwa ushahidi kwamba anadanganya. Wakamwita Bakiri, wakamuuliza kama anamjua. Bakiri alimtazama mtu aliyesujudu naye bega kwa bega mwaka mzima. Akaikumbuka kanuni. Kumjua mtu katika timu ile kulikuwa ni kujifunga naye.

"Simjui," akasema.

Naseeb akapeleka mkono mfukoni, anataka simu ampigie Firmin. Hénock akasema baadaye kwamba alidhani ni kisu. Ngumi ya kwanza ilimpata Naseeb kwenye taya, na alipoanguka wakamvuta hadi kwenye nguzo ya chuma, wakamfunga kwa waya kifuani na miguuni. Waya ule uliingia katika nyama kila alipojaribu kuvuta pumzi. Hénock alipiga kwa kamba ya mpira kwanza. Kisha akaokota bomba la maji. Emery alimpiga mateke ya magotini, huku akimuuliza roli ile nyingine aliipeleka wapi, na kila Naseeb alipojibu kwamba hajui, teke lilirudi palepale mpaka goti la kushoto likalegea na kwenda upande usio wake. Bakiri hakupiga. Alisimama na koti la Naseeb mkononi, kwa sababu Hénock alimwambia ashike. Wachukuzi wa lori walisimama getini wakitazama, na mmoja wao alikuwa akipiga picha.

Firmin alisikia kelele kabla hajafunga mlango wa gari. Alipoingia alimkuta Hénock ametokwa jasho katika baridi ile, bomba mkononi, shati limerushiwa damu mpaka kwenye kola.

"Chef, tumemukamata," Hénock akasema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Uyu njo mwizi wa shaba. Anasema ni weye ulimwita. Anasema weye njo mdhamini yake. Unamujua?"

Mtu aliyefungwa pale nguzoni alikuwa hana sura tena. Jicho moja limezibwa kabisa, sikio limechanika, mdomo umepasuka mara mbili. Lakini lile jicho jingine lilimwona Firmin, na hapo, sijui niseme nini, Naseeb akatabasamu. Kwa meno yaliyobaki. Ilikuwa tabasamu ya mtu ambaye shahidi wake amefika. Hata mwili wake ulilegea kidogo kwenye waya, kwa sababu aliona yamekwisha.

Firmin akafungua kinywa.

Neno lilikuwa moja na alikuwa nalo. Lakini mbele yake walikuwa wamesimama watu wake, wanamtazama, na nyuma ya watu hao, kwa macho ya moyo, alimwona Orpha akilia na André akikusanya gwanda lake kwenye mfuko wa plastiki. Akisema namjua, atakuwa amesema pia kwamba wale wawili walitupwa nje kwa kanuni ambayo mwenye kanuni haifuati. Akatafuta namna. Labda aseme ni shemeji ya mtu. Labda aseme alikuja kwa mambo mengine. Alitafuta maneno mazuri kwa muda wa pumzi moja, labda mbili.

"Nilijua," Hénock akasema, na bomba likashuka.

Lilimpata Naseeb juu ya sikio. Sauti yake haikuwa kubwa. Firmin alisikia mtu akipiga kelele, "Namjua, mwache, namjua," akatambua kwamba ni yeye, na wakati huo bomba lilikuwa linashuka mara ya pili, kwa sababu mkono uliokwisha kuzoea hausikii haraka. Akamrukia Hénock. Wakaanguka wote juu ya vyuma, Firmin akachanika paji la uso, akamuuma Hénock mkono kama mnyama mpaka bomba likatoka. Emery akawatenganisha. Hénock alibaki amekaa chini, anapumua, anatazama mkono wake ulioumwa kwa mshangao wa kweli.

"Kama unamujua," akauliza, "sababu gani ulinyamaza?"

Firmin alikuwa ameshainama nguzoni. Alikuwa akifungua waya kwa vidole, waya ukimkata, mpaka Naseeb akamwangukia kifuani. Alikuwa bado anapumua, pumzi yenye mapovu mekundu.

"Pigeni simu, leteni ambulensi," Firmin akasema.

Emery alikuwa tayari ameshawafukuza wachukuzi na kufunga geti. Alichuchumaa mbele ya Firmin, akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, "Papa Firmin, tupatane kwanza. Alipanda ukuta, akaangukia vyuma. Sisi wote tatu tutasema vile. Na weye ukisema vile, ni nani atabisha? Ulitufundisha tuwe kitu kimoja. Leo njo siku yenyewe."

"Ita ambulensi, Emery."

"Nitaita. Tupatane kwanza."

Bakiri ndiye aliyepiga, kwa simu yake, bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akaja akakaa kwenye vumbi lile la kutu, akakichukua kichwa cha Naseeb kutoka kwa Firmin, akakiweka mapajani mwake, akainama akaanza kumsomea shahada sikioni, lile sikio lililosalimika. Machozi yalikuwa yanamdondoka mtu yule mnene juu ya uso wa mwenzake. Alirudia na kurudia. Mahali fulani katikati ya kurudia, mapovu yakakoma.

Makaa yalikuwa yanalialia kwenye debe.

Ndipo simu ikaita ndani ya lile koti. Bakiri alikuwa ameliacha chini, na Firmin akalivuta, akaitoa. Kwenye kioo paliandikwa Mama Ummi.

"Zima," Emery akasema.

Firmin akapokea, na kwa vidole vyenye damu akagusa palipomfanya kila mtu asikie.

"Baba Ummi," sauti ya mwanamke ikasema, ya uchangamfu, nyuma yake mtoto anaimba. "Nimeshindwa kungoja. Wamekuchukua?"

"Dada, si yeye. Mimi ni Firmin."

"Aa, bosi. Shikamoo. Mimi Samira, mkewe. Nisamehe kwa kukusumbua kazini. Tumekuombea dua tangu Alhamisi, wallahi. Alisema hujamwona ila mara moja na umekubali kumsimamia. Nikamwambia, bado wapo watu."

Emery alitikisa kichwa, polepole, akimsihi kwa macho. Hénock alikuwa amesimama. Bomba lilikuwa limerudi mkononi mwake, na halikuwa limeshikwa kwa hasira safari hii, bali kwa woga, ambao ni mbaya zaidi.

"Dada Samira," Firmin akasema, "kaa chini. Mpeleke mtoto mbali na simu." Akangoja mpaka wimbo ukakoma. "Mumeo amekufa. Walinzi wangu wamempiga, wamedhani ni mwizi. Aliwaambia kweli na hawakumwamini, kwa sababu mimi sikuwaambia kama anakuja."

"Kata simu, chef," Hénock akasema.

"Nimefika akiwa hai. Waliniuliza kama namjua."

Bomba lilimpata kwenye kiwiko. Mfupa ulilia, mkono ukafunguka wenyewe, simu ikaanguka juu ya mabati na kioo chake kikapasuka, lakini taa yake haikuzimika. Firmin akaanguka nayo. Emery akaja mbio kuikanyaga, na Firmin akailalia, akaificha chini ya kidevu chake, na teke la Emery likamwingia ubavuni.

"Waliniuliza," Firmin akaendelea, mdomo uko kwenye vumbi, "nami nikanyamaza. Alikuwa ananitazama. Ningesema neno moja angekuwa hai."

Wakampiga. Walimpiga wawili, bila kupishana, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi, kama walivyozoea kufanya kazi. Kutoka kwenye simu hapakutoka kilio. Palitoka pumzi, ndefu, ya mtu anayejizuia asianguke.

"Nakusikia," Samira akasema. "Nasikia wanakupiga. Usinyamaze tena. Nipe majina yao."

Firmin akaanza na lake, majina yote matatu. Akataja la Hénock, na teke likampata mdomoni. Akatema damu na jino, akataja la Emery. La tatu hakuwahi kulitoa. Bakiri, palepale alipokaa na kichwa cha Naseeb mapajani, alijitaja mwenyewe, akapaza sauti ili isikike kwenye simu.